Eileen Farrell: Jinsi Sauti ya Opera Ilivyoimba Broadway

Mwaka 1960 kampuni ya Columbia ya Marekani iliuza santuri mbili za mwimbaji mmoja ambazo, ukizisikiliza bila kuona majalada, utaapa kwamba ni wanawake wawili tofauti. Moja ni ya aria, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja ndani ya opera, za mtunzi Puccini, pamoja na okestra kamili. Ya pili inaitwa I've Got a Right to Sing the Blues, na imejaa nyimbo zilizotoka kwenye maonyesho ya Broadway na sinema za Hollywood, zikipigwa na bendi iliyoongozwa na Luther Henderson, ambaye pia ndiye aliyepanga muziki wake. Kote mwimbaji ni Eileen Farrell, soprano aliyezaliwa Willimantic, jimbo la Connecticut, mwaka 1920.

Wengi wanaoandika kumhusu Farrell hustaajabu, husema "kipaji", kisha huendelea na mengine. Kipaji alikuwa nacho tele. Lakini alichokifanya kwenye santuri ile ya pili ni kazi ya ufundi yenye hatua zake, na waimbaji wakubwa waliopita njia hiyo baada yake walipokwama, walikwama kwenye hatua hizohizo. Ndiyo maana inafaa kuichambua.

Tuanze na opera yenyewe. Ufundi wake ulikomaa kabla ya umeme. Mwimbaji husimama mbele ya okestra ya wapigaji 60 au 80, ukumbini mmeketi watu hata zaidi ya 3,000, na hana kipaza sauti. Kupiga kelele hakumsaidii, koo litachoka kabla tendo la kwanza halijaisha. Kinachomwokoa ni kuipeleka nguvu ya sauti yake mahali ambapo okestra ni dhaifu. Vyombo vya okestra vikilia pamoja huwa na nguvu zaidi karibu na hezi 500, na kuanzia hapo kwenda juu nguvu hiyo hupungua. Johan Sundberg, mtafiti wa Stockholm, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mwanamume aliyefunzwa opera hukusanya nguvu nyingi kati ya hezi 2,500 na 3,000, eneo ambalo sikio la binadamu hulidaka upesi. Hivyo husikika juu ya vyombo vyote bila kushindana navyo kwa ukubwa.

Soprano ana njia nyingine, na hiyo ndiyo inayogusa habari yetu. Kila irabu tunayotamka ina mwangwi wake wa kwanza mdomoni. Mwangwi wa i uko chini, karibu na hezi 300, na wa a uko juu, hezi 800 hivi. Soprano akiimba noti ya hezi 700, noti yenyewe imeshaupita mwangwi wa i. Asipofanya lolote sauti itakonda, kwa hiyo huifungua taya, mwangwi ukapanda na kuikuta noti kule ilipo. Sauti inajaa na kung'aa, lakini irabu si ileile tena. Jaribu mwenyewe, hasa kama una sauti ya kike: imba neno "kiti" pale unapozungumzia kila siku, kisha lipandishe kidogo kidogo hadi mwisho wa uwezo wako. Ukifika juu utajisikia unaimba "keti", na ukizidi kupanda, "kata".

Puccini aliyajua makoo ya masoprano. Aria ya O mio babbino caro, katika opera ya Gianni Schicchi ya mwaka 1918, inapanda zaidi ya mara moja hadi A bemoli ya juu, karibu hezi 830. Huko kuitofautisha i na e ni kazi bure. Msikilizaji hapungukiwi na kitu, maana ameshajua kwamba binti anamsihi baba yake amruhusu kuolewa na ampendaye, na lahani ndiyo inayobeba ombi. Sikiliza rekodi ya Kiri Te Kanawa wa New Zealand, ile iliyotumika kwenye filamu ya A Room with a View ya mwaka 1985. Konsonanti zimeguswa tu, irabu zimeungana zikawa mkondo mmoja wa pumzi, na huruma yote imo katika mkondo huo. Kwa aria hiyo sijui kama kuna namna bora zaidi ya kuimba.

Sasa chukua wimbo wa Ten Cents a Dance, ulioandikwa na Richard Rodgers na Lorenz Hart kwa ajili ya onyesho la Simple Simon la mwaka 1930. Anayeimba ni msichana anayelipwa senti 10 kwa kila dansi anayocheza na mwanamume asiyemjua. Hart alikuwa na tabia ya kuficha vina katikati ya mstari na kumalizia sentensi mahali usipotarajia. Uchovu wa msichana huyo, kinyaa chake, kichekesho chake kichungu, vyote vimo kwenye maneno. Neno moja likimezwa, msikilizaji amepitwa na kisa. Kwa hiyo irabu lazima zisikike kama zinavyosikika mtu akizungumza na mwenzake, na hapo sauti iliyojengwa kwa ajili ya hezi 830 inakuwa na tatizo la kweli.

Farrell alilitatua kwanza kwa kushusha ufunguo. Wanakwaya wetu wanaosoma sol-fa huona juu ya karatasi maandishi kama "Doh ni F", na hapo ndipo hatima ya wimbo mzima inapoamuliwa, kabla hata mtu hajafungua kinywa. Soprano wa opera anapoletewa wimbo wa Broadway, hamu yake ya kwanza ni kuupandisha, kwa sababu juu ndiko sauti yake inakopendeza. Farrell aliziteremsha nyimbo hizi hadi mahali anapozungumzia, sehemu kubwa ikakaa kwenye sauti ya kifua. Kwa wanawake wengi sauti hiyo hufika mwisho wake wa kawaida karibu na hezi 330, yaani E iliyo juu kidogo ya C ya kati, na zaidi ya hapo sauti ya kichwa huanza kushika kazi. Ukilinganisha na aria ya Puccini, kileleni pameshuka zaidi ya oktava nzima. Fikiria uamuzi huo ulivyo mzito kwa mwimbaji ambaye jina lake limejengwa na noti za juu. Aliiacha makusudi sehemu ya sauti ambayo watu walilipa kuja kuisikia.

Hatua ya pili ni mtetemo. Sauti ya opera hutetemeka mara 5 hadi 7 kwa sekunde, bila kukoma, na upana wa mtetemo huo hukaribia nusu toni kila upande wa noti. Ndani ya jumba kubwa ni uhai wa sauti. Kwenye wimbo wa mazungumzo unalifunika neno, na msikilizaji anahisi anahutubiwa. Farrell huishika noti ikiwa imenyooka, neno linapita likiwa safi, kisha mwishoni mwa kifungu, pumzi inapokaribia kuisha, anauachia mtetemo kidogo. Kuna waimbaji wanaoweza kuuondoa mtetemo lakini sauti ikabaki imekakamaa. Yake inabaki laini, na hilo halipatikani bila udhibiti mkubwa wa pumzi. Kwa maneno mengine, elimu ya opera ipo palepale kwenye santuri hii, ila imewekwa isikoonekana.

Kisha kuna kipaza sauti, na hapa lazima turudi nyuma. Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji alirekodi kwa kuimba ndani ya pembe kubwa ya bati, na sauti yenye msukumo, kama ya Enrico Caruso, ndiyo iliyofaulu. Mwaka huo, miaka mitatu kabla ya Siti binti Saad kwenda Bombay kurekodi, makampuni makubwa yalianza kutumia umeme. Ghafla mnong'ono ukawa na haki sawa na ukelele. Kizazi cha akina Bing Crosby kiliimba kana kwamba msikilizaji amekaa kiti cha jirani. Waimbaji wa opera kwa ujumla waliendelea kukichukulia kipaza sauti kama shahidi aliyesimama mbali: wao waliimba kwa ajili ya ukumbi, nacho kikarekodi ukumbi.

Farrell hakulelewa hivyo. Wazazi wake walikuwa waimbaji wa maonyesho ya vichekesho na nyimbo yaliyozunguka miji ya Marekani, na yeye mwenyewe aliingia redio ya CBS mnamo 1940, kwanza akiwa mwanakwaya. Muda mfupi baadaye alipewa kipindi chake, Eileen Farrell Sings, na humo aliimba aria na nyimbo za kawaida bila kuzitenga. Kwa mwimbaji wa redio, kipaza sauti ndilo jumba lenyewe. Alijifunza kukisogelea, kujitenga nacho noti inapokua, kuzuia p na b zisipige kishindo, na kuvuta pumzi bila kusikika, au kusikika pale tu pumzi inapokuwa na maana. Alipofika jumba la opera la Metropolitan, New York, Desemba 6, 1960, katika opera ya Alceste ya Gluck, alikuwa na miaka 20 ya studio nyuma yake. Mimi naamini hiki ndicho kiini cha jambo zima. Wengine walitoka kwenye jukwaa la opera wakakikuta kipaza sauti ukubwani. Yeye alikua nacho.

La mwisho ni wakati. Katika opera mwimbaji na okestra hukutana kwenye mpigo. Katika nyimbo za Broadway mwimbaji mzuri huuacha mpigo utangulie kidogo, akaja nyuma yake, kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Ucheleweshaji huo ukiwa wa kuigiza, husikika mara moja. Farrell alikuwa nao kweli. Mwaka 1959, kwenye tamasha la Spoleto nchini Italia, alikokwenda kuimba Requiem ya Verdi, Louis Armstrong aliugua, na Farrell akasimama kuimba na bendi ya Armstrong. Santuri ya Columbia ikafuata mwaka uliofuata. Na kumchagua Luther Henderson kulikuwa nusu ya ushindi. Henderson, Mmarekani mweusi aliyekuwa amefanya kazi na Duke Ellington na kumpigia piano Lena Horne, alijua kumwachia mwimbaji nafasi. Ala zake hujibu maneno yanapokwisha, haziyakanyagi.

Wimbo ambao ningependa kila mwanafunzi wa sauti ausikilize kwenye santuri hiyo ni Supper Time. Irving Berlin aliuandika kwa ajili ya onyesho la As Thousands Cheer, mwaka 1933, na Ethel Waters ndiye aliyeuimba kwanza jukwaani. Mwanamke anatakiwa kuandaa chakula cha jioni, watoto wanasubiri, na mumewe hatarudi kamwe. Katika onyesho lenyewe ilionyeshwa wazi kwamba mume ameuawa na kundi la wazungu kwa sababu ya rangi yake. Wimbo hausemi hivyo. Unataja meza, chakula, watoto, na swali la namna ya kuwaambia.

Hapa ndipo soprano wa opera anapotegwa. Msiba ni mkubwa, sauti yake ni kubwa, na kila kitu kinamwita afungue koo. Lakini huyu mama yuko jikoni, watoto wako chumba cha pili, na hawajui. Akilia kwa sauti ya Tosca, yule mwanamke wa opera ya Puccini, watajua. Sauti ya Farrell, iliyoweza kusikika juu ya okestra nzima ya Wagner, hapa imezuiwa. Irabu ni fupi, za mazungumzo. Nguvu inapokuja inatoka kifuani, bila ule mng'ao wa jukwaani, nayo haikai. Unasikia kwamba kuna sauti kubwa ambayo haitumiki, na ule kutotumika ndio unaouma. Mwimbaji mwenye sauti ndogo asingeweza kukupa hisia hiyo, kwa kuwa hana cha kuzuia.

Farrell na Leonard Bernstein, mtunzi na kiongozi wa okestra, walirekodi Wagner pamoja na New York Philharmonic mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo Bernstein alijua vizuri sauti ya opera inaweza kufanya nini. Septemba 1984 aliwakusanya waimbaji wa opera New York kurekodi West Side Story, onyesho lake la Broadway la mwaka 1957 ambalo hakuwahi kuliongoza zima. Kiri Te Kanawa akawa Maria, José Carreras wa Barcelona akawa Tony, Tatiana Troyanos akawa Anita, na Marilyn Horne akapewa Somewhere. Santuri ilitoka 1985 chini ya Deutsche Grammophon, na BBC ilitengeneza filamu juu ya siku zile za studio, ambamo Carreras anaonekana akihangaika na Kiingereza cha kijana wa mitaa ya New York huku Bernstein akipoteza subira.

Lawama nyingi zimeelekezwa kwenye lafudhi: Mhispania anaimba Mmarekani, na mwanamke wa New Zealand anaimba Mpuerto Rico. Lafudhi ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Sikiliza Something's Coming. Lahani imekatwakatwa, maneno yanakimbia juu ya mpigo unaohama, na kijana anasubiri jambo asilolijua. Carreras anaiunganisha kama aria, kila irabu ikimkabidhi mwenzake, na harara ya ujana inazimika. Kisha sikiliza Maria, wimbo unaoanza kwa ule mruko wa toni tatu unaoacha sikio likining'inia hadi noti ya tatu iupatie utulivu. Hapo mkondo wa Carreras ndio unaotakiwa, na anaimba kwa utukufu. Mwimbaji ni yuleyule, studio ileile. Kilichotofautiana ni kile wimbo ulichokuwa unaomba.

Kwa Te Kanawa hali ni hiyohiyo. I Feel Pretty ni mchezo wa msichana anayejisifu mbele ya wenzake, na sauti yake ya kifalme haimwachi awe msichana. Alibadilisha lafudhi, hakubadilisha mahali sauti inapoanzia. Lakini A Boy Like That na I Have a Love, anazoimba na Troyanos, ni jambo jingine kabisa. Bernstein aliziandika kama mapambano ya opera: wanawake wawili, hasira na mapenzi, sauti juu ya sauti. Troyanos, mzaliwa wa New York, anayatema maneno kama mtu anayeujua mtaa, na Te Kanawa anapoingia na jibu lake refu, ule mkondo wa Puccini unafika mahali pake. Sijasikia waigizaji wa Broadway wakiipita sehemu hiyo, na siwapendelei wa opera ninaposema hivyo.

Horne naye ana historia inayosaidia kuelewa. Mwaka 1954, akiwa na miaka 20, alimwimbia Dorothy Dandridge katika filamu ya Carmen Jones, na ilimbidi aifananishe sauti yake na matamshi ya mwigizaji ambaye uso wake ndio ungeonekana. Kazi ya namna hiyo inamlazimisha mwimbaji kuanzia kwenye neno, kwa kuwa midomo ya mtu mwingine inamsubiri. Wakati mwingine pia mtunzi ndiye anayebeba mzigo. Ezio Pinza, besi aliyeimba misimu 22 Metropolitan, alipokwenda Broadway mwaka 1949 katika South Pacific, Rodgers alimtungia Some Enchanted Evening, lahani pana inayokwenda taratibu, na mhusika wake ni Mfaransa mwenye shamba visiwani, kwa hiyo lafudhi ya Kiitaliano haikumsumbua mtu. Pinza hakuhitaji kubadilisha chochote. Nguo ilishonwa kwa kipimo chake.

Farrell hakushonewa. Nyimbo za Hart na Berlin ziliandikwa kwa ajili ya makoo mengine, naye akalibadilisha la kwake: ufunguo, mtetemo, umbali wa kipaza sauti, wakati. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akikaribia umri wa miaka 70, alirudi studio na kurekodi santuri kadhaa za nyimbo za Rodgers na Hart, Harold Arlen na wengineo kwa kampuni ya Reference Recordings. Noti za juu za Wagner hazikuwepo tena, na hazikuhitajika, kwa sababu nyimbo hizi hakuwahi kuziweka kule. Sauti ya kuzungumzia huzeeka polepole kuliko sauti ya kilele, na hiyo ni faida ya uamuzi alioufanya mwaka 1960.

Kwa maoni yangu ile I've Got a Right to Sing the Blues bado ndiyo kipimo cha waimbaji wa opera wanaotaka kuimba Broadway, na sijaona iliyoifikia. Anayetaka kulihakiki hilo aanze na aria zake za Puccini, asikilize nyimbo mbili au tatu hadi sikio lizoee ukubwa wa ile sauti, kisha aweke Supper Time. Asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, maana kazi ya kipaza sauti haisikiki vizuri kwenye spika za sebuleni. Na mwalimu wa kwaya au wa sauti anayesoma hapa, mwimbaji wako atakapokuletea wimbo wa jukwaani, muulize kwanza anazungumzia noti gani, halafu ndipo uandike Doh iko wapi.